Kateni CD, santuri ziacheni kwanza zisikilizwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wenzangu wa mapambo wa hapa Arusha, pamoja na wenye maduka ya vinyago wanaotuagizia kazi. CD na DVD zilizochakaa tuzikate, tuzibandue, tuzipake rangi na kuzitundika ukutani tunavyotaka. Lakini santuri, zile sahani nyeusi za muziki wa zamani, tusizitie mkasi wala moto mpaka mtu amezisikiliza na kujua kilichomo.

Mimi ni mama wa Sombetini na mapambo ya ukutani ndiyo yanayonilisha. Zamani nilikuwa na maktaba ya CD kule Ngarenaro. Nilikodisha filamu za Kihindi, za Kinaijeria, za Bongo, na zile za mapigano za Kichina zilizowekewa sauti ya Kiswahili, ambazo vijana walizigombania Ijumaa jioni. Zikaja simu za kugusa, zikaja flashi, mtu akawa anajaziwa filamu kumi kwenye flashi kwa bei ya kukodi mbili kwangu. Wateja wakaisha. Nilirudi nyumbani na makasha yangu ya CD, yakakaa chini ya kitanda mpaka binti yangu, wakati huo yuko sekondari, alipokata moja kwa umbo la ua akalibandika kwenye fremu ya kioo. Jirani akaliona, akataka la kwake. Kazi ilianzia hapo.

Sasa hii habari ya santuri. Mwenye duka mmoja wa mjini alinionyesha kwenye simu picha ya saa ya ukutani iliyokatwa kwenye santuri: twiga amesimama chini ya mgunga, nyuma yake mlima, na katikati lebo ya santuri imeachwa makusudi ili mgeni aone kwamba ni kitu cha kale. Alitaka nimtengenezee dazeni kwa kuanzia, santuri angeleta mwenyewe. Kweli akazileta, zimejaa kiroba. Nilizipanga mezani moja moja nikawa nasoma lebo. Nyingi zilikuwa nyimbo za Kiswahili, santuri zilizochapwa Nairobi, na majina ya baadhi ya bendi sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Nikamwambia, baba, kazi hii siifanyi, ila twiga huyohuyo nitakutengenezea kwa DVD na atapendeza zaidi. Hakuridhika. Akampata fundi mwingine, na saa hizo zimeshaingia kwenye maduka ya karibu na Mnara wa Saa.

Huyo kijana aliyezikata simlaumu. Anatafuta riziki, na mkono wake ni mzuri, hilo nalisema wazi. Ninachotaka ajue yeye na wengine ni kwamba malighafi iliyo bora kuliko hiyo imelala kwenye mabanda ya watu Arusha nzima, na hakuna atakayeililia.

CD ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, kazi ya kampuni mbili, Philips na Sony. DVD ikafuata miaka ya tisini. Zilipotufikia huku zilitapakaa kila mtaa, na katika zile nilizokodisha mimi hakuna hata moja iliyokuwa peke yake duniani. Nakala ilizaa nakala. Ukikata CD ya filamu ya Bongo iliyokwaruzika, hujaiua filamu hiyo, iko kwenye simu ya kila mtu. Na mahali pa kuipeleka CD mbovu hakuna. Wakusanya chupa wanaopita mtaani kwetu na mizani yao huchukua chupa za maji, chuma na mabati, lakini ukiwapa kasha lililojaa CD wanakurudishia, kwa sababu plastiki ya CD ni polikaboneti, haichanganyiki na ya chupa, na wanunuzi wao hawaitaki. Basi hutupwa na kwenda dampo la Muriet, au huchomwa nyuma ya nyumba moshi ukaingia jikoni kwa jirani. Kwa fundi wa mapambo hiyo ni mali ya bure.

Na ni mali kweli. Wenzangu wengi hukata CD ovyo, wakabandika, kisha wakashangaa mbona haimetimeti kama walivyotaka. Rangi zile za upinde wa mvua hazitokani na wino. Kwenye CD kuna mstari mmoja unaozunguka kutoka ndani kwenda nje, mwembamba mno, na mizunguko yake imebanana kiasi kwamba katika milimita moja ya upana kuna mistari zaidi ya 600. Mwanga ukiupiga mstari huo hutawanyika ukatoa rangi. Kwenye DVD mistari imebanana zaidi ya mara mbili ya hapo, ndiyo maana DVD hutandaza rangi zake kwa upana na CD huzikusanya pamoja. Fundi akilijua hili anakuwa na vifaa viwili tofauti mkononi. Mimi anga huliweka kwa DVD, na kitu ninachotaka kionekane kwa ukali, jicho la ndege au ncha ya mkuki, nakiweka kwa CD.

Halafu kuna uelekeo wa kipande. Kwa kuwa mistari ni ya duara, kila kipande kina upande wake wa kutoa rangi. Ukivipanga vyote mistari ikielekea upande mmoja, pambo lote huwaka kwa pamoja mtu anapopita mbele yake. Ukivigeuza huku na huku, vinawaka kwa zamu. Hii ndiyo siri yenyewe ya kazi hii, na naitoa bure hapa gazetini kwa sababu nataka vijana wapende CD.

Zile CD za kuchoma nyumbani, yaani za kurekodia kwa kompyuta, ambazo tulikuwa tunazinunua tupu kwa boksi, zina dawa ya rangi ndani yake ili mashine iweze kuandika. Kuna za kijani, za buluu, za dhahabu, na DVD za kuchoma huelekea zambarau. Za kiwandani ni rangi ya fedha tupu. Kwa hizo peke yake nimetengeneza kanga nzima ya ukutani: pindo la DVD za zambarau, mji wa CD za kijani zenye maua ya korosho ya dhahabu, na jina chini kwa vipande vya fedha. Ndiyo kazi yangu inayouzika kuliko zote. Nimeiuza hata kwa watu wa hapa hapa Njiro na Sakina, wala si kwa watalii tu.

Kukata kuna adabu yake. CD iliyo baridi ukiiuma na mkasi hupasuka na kurusha vijipande, na vijipande hivyo ni vikali, vinatafuta macho. Chemsha maji, epua, zitumbukize CD zako dakika chache, kata ingali ya moto kwa mkasi mzito. Wa bati unafaa. Maji ya moto hayaiyeyushi, maana polikaboneti hulainika karibu nyuzi 150, lakini yanaipunguzia ukaidi. Ikipoa, irudishe majini. Vaa miwani. Kingo zipitishe msasa, hasa pambo likienda nyumba yenye watoto.

Kwenye kubandika ndiko wengi wanakoharibikiwa. Watu hawajui kwamba fedha ya CD, ule utando unaong'aa, iko juu, chini kidogo tu ya maandishi, imefunikwa na vanishi nyembamba. Ukipaka gundi upande wa maandishi ukakibandika kipande kwenye plaiwudi, gundi imeshika vanishi, haijashika plastiki. Siku ya joto vanishi inaachia, kipande kinaanguka, mteja anakurudia na malalamiko. DVD ni tofauti: ni sahani mbili nyembamba zilizogandishwa, fedha iko katikati, kwa hiyo ukibandika unakuwa umeshika plastiki yenyewe. Pambo kubwa la kutundikwa sebuleni mimi hulijenga kwa DVD sehemu zote zenye uzito, na CD naziweka pale ambapo saruji itazibana pembeni. Natumia saruji nyeupe ya vigae, nikiitia rangi nyeusi ya unga, maana kwenye weusi ndipo vipande hung'aa.

Udhaifu huohuo wa CD unaweza kuwa faida. Kwaruza uso wa maandishi kwa ncha ya kisu, bandika selotepu pana, vuta kwa nguvu: fedha yote inatoka na selotepu, unabaki na sahani angavu. DVD nayo ukiipitishia wembe ukingoni inagawanyika, nusu ya fedha na nusu angavu. Sahani hizo angavu nazichora kwa rangi ya mafuta, nazitoboa kwa dirili, naziunga kwa waya na kuzining'iniza dirishani, na asubuhi chumba kinapata mwanga kama wa vioo vya kanisani. Nawashauri tu wasiliweke pambo la CD mahali panapopigwa jua kutwa, plastiki inageuka njano na dawa ya zile za kuchoma inapauka, wala wasilielekeze barabarani likammulika dereva machoni.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba bila santuri hawezi kutengeneza kitu cha kuvutia, mimi simkubalii. Anayetaka weusi wa santuri achukue DVD, aipake rangi nyeusi, kisha achore kwa kukwangua rangi hiyo kwa ncha ya msumari mpaka fedha itokee. Twiga wa namna hiyo anang'aa gizani ukiwasha taa, jambo ambalo santuri haiwezi. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya sitini alitumia mbao za silingi na rangi ya kupakia baiskeli, na alipofariki mwaka 1972 alikuwa ameacha uchoraji unaobeba jina lake hadi leo. Hakuhitaji kuharibu kazi ya msanii mwingine ili apate pa kuchorea.

Sasa niseme kwa nini santuri ni jambo jingine.

Za zamani kabisa, zile nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, hazikuwa hata plastiki. Zilitengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa huko Asia uliochanganywa na unga wa mawe, na zikianguka zinavunjika. Siti binti Saad wa Zanzibar aliimba kwenye santuri za namna hiyo alipopelekwa Bombay mwaka 1928. Baadaye Marekani wakaleta santuri za plastiki, kubwa za mizunguko 33 na kitu mwaka 1948, na ndogo za mizunguko 45 mwaka 1949. Hizo ndogo ndizo zilizojaa huku kwetu. Wimbo wa dansi ulikuwa mrefu, upande mmoja haukuutosha, basi waliukata katikati: maneno na hadithi upande wa kwanza, magitaa yanayochezesha watu upande wa pili. Fundi akitoboa santuri moja amezifuta pande mbili.

Miaka ile bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania Dar es Salaam, kwenye tepu, na tepu hizo zilikaa redioni. Aliyetaka santuri alivuka kwenda Nairobi, ambako ndiko zilikokuwa kampuni za muziki na mitambo ya kuchapa. Arusha tuko njiani. Mabasi ya Namanga yaliwabeba wanamuziki wakienda na yakarudi na santuri. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ukafungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Makao makuu ya Jumuiya yalikuwa hapa hapa mjini, kwa hiyo tulikuwa na watumishi kutoka nchi zote tatu, watu wenye mishahara, wenye gramafoni sebuleni. Santuri zao ndizo zinazotoka leo kwenye makabati wazee wanapofariki na watoto wanapofagia nyumba ili wapangishe.

Na Arusha yenyewe ilikuwa na muziki wake. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, walikuja hapa mwaka 1970 wakaanzisha Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakahamia Kenya, na huko ndiko walikopata jina kubwa, Simba Wanyika. Hao siwahofii sana, nyimbo zao zimehifadhiwa, ukitafuta kwenye intaneti unazipata. Hofu yangu ni ya wadogo: bendi iliyopiga hotelini miaka miwili ikafa, kwaya iliyochangishana nauli ikaenda kurekodi, mwalimu aliyetunga wimbo wa shule. Hao walichapiwa nakala chache. Kila moja iliyogeuzwa saa inaweza kuwa ya mwisho, na hakuna atakayejua, kwa sababu hakuna aliyeisikiliza.

Bibi mmoja wa Kaloleni, mjane wa aliyekuwa karani wa Jumuiya, aliniita nikachukue katoni ya santuri kwa kuwa alisikia nanunua sahani za muziki za kukata. Mwanawe alishapata mnunuzi mwingine, ila yeye alitaka zije kwa mwanamke mwenzake. Nikamwomba kwanza twende nazo Kijenge kwa mzee mmoja ninayemfahamu ambaye gramafoni yake bado inalia. Tulikaa pale alasiri nzima. Dansi, dansi, taarabu, dansi tena. Kisha ikatoka ndogo moja ambayo lebo yake ilishafutika. Yule mzee akaweka sindano. Wanawake wanaimba Kimeru, hakuna gitaa wala kinanda, ngoma moja tu kwa mbali. Bibi akauimba ubeti wa pili kabla santuri haijaufikia. Akatuambia mmoja wa waimbaji alikuwa wa kijiji kimoja na mama yake. Nimeulizia kwa watu wa kwaya na kwa wazee wa Poli, na hakuna aliyewahi kuisikia kwenye redio wala popote pengine. Mjukuu wa mzee aliirekodi kwa simu. Sauti haikutoka vizuri, ina mkwaruzo mwingi, lakini ipo. Santuri yenyewe bibi aliondoka nayo mkobani, na mimi ndiye niliyemshauri asimuuzie mtu yeyote, mimi nikiwemo.

Wapo watakaosema santuri imekaa darini miaka arobaini, gramafoni hakuna, ya nini kuitunza? Gramafoni zipo. Ulaya na Marekani zinatengenezwa mpya mpaka leo, na nyingine zina waya wa kuunganisha moja kwa moja na kompyuta, ukipiga santuri inabaki faili. Santuri yenye mikwaruzo bado inaimba. Na huko nje kuna wakusanyaji wanaozitafuta hizi za Kiswahili na kuzilipia vizuri ikiwa ni nzima. Kwa hiyo hata yule anayeangalia pesa tu ajue kwamba anaweza kuwa anaharibu kitu cha bei kubwa ili apate saa ya bei ndogo. Mimi ningependa zibaki nchini. Lakini kama mwenye nazo ana shida na ameamua kuuza, basi nakala ya sauti ibaki kwanza.

Kuna na hatari kwa fundi mwenyewe. Nimemwona kijana akilainisha santuri juu ya jiko la mkaa ndani ya chumba, dirisha limefungwa kwa sababu ya upepo. Santuri za plastiki zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC. Hulainika hata kwa maji ya moto ambayo hayajachemka, lakini mkaa hauna kipimo, na ikianza kuungua inatoa gesi ya haidrojeni kloridi, ambayo ikikutana na unyevu wa koo na macho inageuka kuwa asidi. Alikuwa anakohoa na anaendelea na kazi. Nilimwambia, mwanangu, kazi ya mapambo haistahili mapafu yako. Hata CD msizichome. Zikishakatwa vibaya, vipande viwekwe kwenye ndoo, siku moja vitapata nafasi kwenye pambo.

Sisemi kila santuri ni takatifu. Iliyovunjika, iliyopindwa na jua mpaka sindano inaruka, iliyochimbwa na misumari, hiyo ikatwe. Zile za Ulaya na Marekani zilizochapwa kwa malaki, ambazo nyingi ziliachwa na wageni waliohama, kwangu mimi zinakatika bila tatizo. Ninayoitetea ni ya Kiswahili, ya Kimeru, ya Kimaasai, ya Kichaga, ya lugha yoyote yetu, na yoyote ambayo lebo yake haisomeki.

Ikikufikia santuri ya namna hiyo, piga picha lebo za pande zote mbili kwa simu. Karibu na lebo, pale pasipo na mistari ya sauti, kuna herufi na namba zilizogongwa kwenye santuri yenyewe. Ziandike, kwa sababu lebo ikipotea hizo ndizo zitakazoitambulisha. Vumbi litoe kwa kitambaa laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, lebo isilowe. Zile nzito za zamani usizifute kwa spiriti hata kidogo, spiriti inaziyeyusha. Zisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine, na ziwe mbali na bati la paa.

Nina ombi kwa wakubwa pia. Pale Kaloleni tuna Makumbusho ya Azimio la Arusha, ambako watoto wetu hupelekwa kujifunza yaliyotokea mwaka 1967. Nyimbo ambazo watu wa miaka hiyo walizicheza zingepaswa kuwa na kabati lake humo, na gramafoni moja, na kijana mmoja wa kuzinakili. Ofisi ya Utamaduni ya Jiji ingeweza kuwatangazia wananchi kwamba mwenye santuri za marehemu alete zisikilizwe, kisha achukue zake aende nazo akitaka. Gharama yake si kubwa. Na lifanyike mapema, maana AFCON ya 2027 ambayo Tanzania inaiandaa pamoja na Kenya na Uganda itatuletea wageni wengi, wenye maduka wameshaanza kuagiza, na aliyekuja kwangu na kiroba kimoja atakwenda kwa mwingine na viroba kumi.

Wenye maduka nawaomba jambo moja dogo: mteja akiuliza saa ya santuri, mwonyesheni na ya DVD, mumweleze ilivyotengenezwa, na mumwambie kwa nini ile nyingine hamuiuzi. Wageni ninaokutana nao hupenda sana kusikia habari ya kitu kabla hawajakilipia.

Kwa upande wangu, nimenunua kutoka kwa vijana santuri kadhaa zilizokuwa zinangoja kukatwa, zimesimamishwa kwenye kabati langu, na gramafoni ya mzee wa Kijenge sindano yake imeanza kuchoka. Natafuta mtu wa Arusha au Moshi mwenye gramafoni inayounganishwa na kompyuta, na mwenye subira ya kukaa nami tuzinakili moja baada ya nyingine. Usafiri na chakula ni juu yangu. Na kijana yeyote anayetaka kujifunza kazi ya CD aje Sombetini Jumamosi mchana, aulize mama wa kanga za CD, ataelekezwa. Simtozi kitu. Aje na mkasi wake na miwani, CD ninazo za kutosha. Mwenye gramafoni aandike kwako, Mhariri, nami nitapita ofisini kwenu kuichukua barua.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi wa mapambo,
Sombetini, Arusha